Waya wa Fishi Mbili wa Mama Domitille

Katika avenue yetu ya Mikuyu, komini ya Dilala, hapa Kolwezi, hakuna mtu aliyeuogopa umeme kama mama Domitille Mwenze, na hakuna aliyeuhitaji kama yeye. Anauza samaki wa baridi. Friza yake iko sebuleni, mahali ambapo wengine huweka kabati ya vyombo, na umeme ukikatika siku mbili anaanza kutembea nyumbani kama mwenye mgonjwa.

Alizaliwa Kisenge, baba yake akiwa mfanyakazi wa mgodi wa manganese. Kolwezi alikuja kama bibi arusi wa Ngeleka, fundi wa magari wa kampuni ya migodi, nao wakapewa nyumba ya matofali namba 21, karibu ya mwisho upande wa chini. Ngeleka alikufa kwa figo mwaka 2014. Watoto watatu walikwenda Lubumbashi mmoja baada ya mwingine. Mama akabaki na nyumba na samaki wake, na uongozi wa maombi ya mtaa kila Jumatano. Watu wanamheshimu, na kidogo wanaogopa ulimi wake.

Woga wake wa umeme una tarehe. Ilikuwa Februari 2022, asubuhi ya mvua. Kijana mmoja jirani yake, Gael, mchimbaji wa shaba, alikwenda kuanua suruali kwenye kamba ya chuma nyuma ya nyumba. Mtu alikuwa amevuta waya wa umeme kutoka avenue ya nyuma, Misuku, akaupitisha juu ya kamba ile, na ganda la waya lilikuwa limechubuka. Mama Domitille alisikia kitu kama kikohozi. Alimkuta Gael amesimama, mkono umeshika kamba, macho wazi, mwili ukitikisika kama wa mtu anayecheka bila sauti. Alichukua mchi wa kutwangia akampiga mkononi hadi akaachia. Gael alianguka akiwa amekwisha kufa. Ni yeye aliyemfumba macho.

Baada ya maziko tulikutana kwa tata Mukalay, mkuu wa avenue. Lazima nieleze jambo hili ili mtu wa mbali aelewe. Mikuyu inapata umeme kutoka kabini moja ya transfoma, Misuku kutoka nyingine. Wao wakiwa gizani, sisi mara nyingi tunao, na sisi tukiwa gizani, wao wanao. Kwa hiyo watu walizoea kuazimana kwa siri, waya mrefu kutoka nyumba hadi nyumba. Siku ile tuliapa kwamba mambo hayo yamekwisha. Mimi, mwenye daftari la avenue, niliandika majina, nyumba ishirini na mbili, sahihi ishirini na mbili. Mama Domitille alisimama akasema maneno ambayo hakuna aliyeyasahau:

“Mutu mwenye atavuta tena waya ya Misuku, huyo anavuta maiti.”

Miezi mitano baadaye alivuta wa kwake.

Haya alinieleza mwenyewe, mara mbili, siku tofauti, na mara ya pili hakubadilisha neno. Samaki walikuwa wameoza mara tatu mfululizo. Rafiki yake wa Misuku alikubali. Waya ulipitishwa ndani ya mpira wa kumwagilia, ukazikwa chini ya matembele, ukaingia kwa dirisha la jikoni. Kila mwisho ulikuwa na fishi, plagi ya kawaida ya meno mawili. Moja inachomekwa Misuku, nyingine unaichomeka kwako kwenye prizi, soketi ya ukutani, na badala ya prizi kutoa umeme, inaupokea. Nyumba nzima inawaka.

Lakini kuna sharti. Kabla ya kuchomeka, lazima ushushe disjoncteur, kile kiswichi kikubwa kando ya mita, kwake kiko nyuma ya mlango. Usipokishusha, umeme wa Misuku hauishii kwako. Unatoka kwa mita, unapanda kwenye nguzo, unaingia kwenye nyaya za Mikuyu nzima, na nguzo ambayo kila mtu anaamini imekufa inakuwa hai. Mama Domitille alilijua hilo kuliko sala zake. Kila mara alishusha kwanza, akakitazama kiswichi, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akachomeka. Kwa mwaka mmoja na zaidi hakukosea hata mara moja.

Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2023, kiungo cha nyaya kwenye nguzo iliyo mbele ya namba 19 kiliungua. Mikuyu ikabaki gizani siku tano. Tata Mukalay alimtafuta Mechack, fundi wa umeme anayejulikana Dilala yote, mtu mwembamba, mpole, aliyejifunza kazi kwa wazee wa kampuni. Mechack akasema atakuja Jumamosi asubuhi.

Siku hizo tano friza ya mama Domitille iliishi kwa waya wa Misuku. Nao Misuku hawakuwa na umeme saa zote. Ulikuwa unakatwa alfajiri na kurudi kama saa kumi alasiri. Jumamosi asubuhi, basi, fishi ilikuwa kwenye prizi, waya mtupu bila umeme, na disjoncteur chini, kama inavyotakiwa. Alifikiri vizuri. Umeme utakaporudi Misuku, friza itaamka yenyewe, na disjoncteur ikiwa chini, Mechack hatapatwa na neno. Yeye alikuwa na safari. Mama mkwe wa mdogo wake Rachelle alikuwa amefariki, na matanga yalikuwa mbali, ng'ambo ya mji.

Saa mbili na nusu tata Mukalay alipita nyumba kwa nyumba akiita kila mtu ashushe disjoncteur kwa sababu fundi anapanda. Mama Domitille alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwa hakijafungwa, mfuko mkononi. Akaitikia, “Ndiyo, tata.” Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, akasikia tak. Akafunga nyumba akatoka.

Kwenye nguzo Mechack alikuwa anafunga vyuma vya kupandia miguuni. Alimtania mama kwamba anakimbia na samaki wa watu. Mama akamjibu kwamba samaki wake wanakaribia kufufuka, afanye haraka kabla hawajaanza kutembea. Wakacheka wote wawili.

Kwa Rachelle alipewa kazi ya kusonga bukari, ugali wa kwetu. Nyumba ile iko kwenye kebo moja na Misuku. Umeme ukirudi huku, umerudi na kule. Ndiyo maana kila siku Rachelle alikuwa anambipu dada yake umeme ukifika. Saa sita na nusu, mapema kuliko siku zote, balbu iliyoning'inia uani iliwaka mchana ule na kipaza sauti cha kwaya kikakoroma. Wanawake wakashukuru. Mama Domitille naye alitabasamu, akawaza friza.

Kisha mkono wake ukasimama ndani ya sufuria.

Aliisikia tena ile tak. Aliishusha disjoncteur asubuhi. Lakini ilikuwa imekwisha kushuka tangu Jumatatu. Kitu kilichoko chini hakishuki mara ya pili. Kama mkono wake ulisikia tak, basi mkono wake ulipandisha.

Alijaribu kukumbuka kidole kilikwenda upande gani. Hakukumbuka. Alikumbuka kitambaa cha kichwa, mfuko, sauti ya tata Mukalay. Akajiambia labda tak ilikuwa ya kufuli la mlango. Akaisikiliza tena kichwani, na kila alivyoisikiliza ilizidi kuwa ya disjoncteur.

Alipiga simu ya tata Mukalay. Haipatikani. Akapiga ya Princesse, jirani anayesuka nywele. Haipatikani. Akapiga yangu. Yangu ilikuwa imezimika tangu Alhamisi. Avenue nzima ilikuwa na siku tano bila umeme. Simu zetu zote zilikuwa zimekufa, na yeye alikuwa anazipiga moja baada ya nyingine kama mtu anayebisha makaburini. Namba ya Mechack hakuwa nayo.

Rachelle alimwona amekuwa na uso wa majivu, akamwuliza kama anaumwa. Mama Domitille alisema tu kwamba kuna mtu kwenye nguzo. Akatoka.

Alisimamisha taxi-moto barabarani. Dereva alipomtazama akacheka, kwa sababu mama alikuwa bado ameshika mwiko, na bukari imekaukia juu yake.

“Mama, na mwiko tena? Unaenda kupiga bwana?”

“Bwana yangu iko mu makaburi. Endesha.”

Dereva hakucheka tena. Aliendesha vizuri, lakini kwenye njia panda kubwa malori ya shaba yanayoelekea Fungurume yalikuwa yamefunga barabara, moja limekwama, mengine yamejipanga nyuma, na hata pikipiki hazikupata pa kupita. Walikaa pale. Mama anasema hajui ni dakika ngapi, na mimi siwezi kuzihesabu kwa niaba yake. Alijaribu kusali, lakini kila alipofika “mapenzi yako yatimizwe” aliogopa kuendelea, akaanza upya. Alimwona Gael. Kisha Gael akawa na uso wa Mechack, na kamba ikawa juu zaidi, mahali ambapo mchi haufiki. Akamfikiria Abigaël, mke wa Mechack, ambaye kila Jumatano huja kwenye maombi na kuketi karibu na mlango. Nani ataenda kumwambia? Kwa desturi ya mtaa wetu, anayetumwa kupeleka habari ya kifo ni kiongozi wa maombi. Ni yeye.

Dereva alimwambia kwa upole asimbane mbavu hivyo. Mama hakujua kwamba alikuwa anambana.

Walipoingia Mikuyu aliona watu wengi chini ya nguzo. Juu ya nguzo hapakuwa na mtu. Kwenye nyaya ulikuwa unaning'inia mkanda wa ngozi wa fundi.

“Pita,” alimwambia dereva. “Usisimame. Pita.”

Hilo nalo alinieleza mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. Alipita mbele ya nyumba yake, mbele ya majirani zake, uso ameuficha kwenye mgongo wa kijana asiyemjua, hadi mwisho wa avenue palipo na mtaro. Pale akashuka. Akaketi kwenye ukingo. Alikuwa amekwisha kuamua kwenda Kisenge. Kufanya nini huko, hakujua.

Kisha akatazama nyuma. Katikati ya miguu ya watu aliona mtu ameketi chini, ameegemea nguzo, na mtu huyo aliinua kikombe cha plastiki akanywa maji.

Aliyatazama maji yale yakinywewa hadi mwisho.

Haya ndiyo yaliyotokea. Mechack ana tabia aliyofundishwa na wazee wa kampuni. Kabla ya kugusa waya, hata waya uliokufa, anafunga nyaya zote nne kwa mnyororo wenye vibano, na mwisho wa mnyororo anaufunga kwenye chuma alichokizamisha ardhini. Umeme ukija kwa ghafla, unashuka udongoni badala ya kupita kwake. Mafundi wengine wa mjini hawafanyi hivyo, na watu wetu walikuwa wanamcheka, wanasema Mechack anafunga umeme kama mbwa. Siku ile, saa sita na nusu, mnyororo uliruka kwenye nyaya kwa mlio kama wa bunduki na cheche zikamwagika. Mkanda wa Mechack ulifunguka ukabaki juu, naye akateleza nguzo nzima, akachubuka mikono na kifua, akaketi chini, akaomba maji kikombe baada ya kikombe.

Alipomaliza, alisema neno moja tu: umeme umetoka nyumba za chini. Nyumba za chini ni tano. Na kati ya hizo tano, namba 20 wanapanga vijana wanne wachimbaji, wageni, mkubwa wao anaitwa René. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama Domitille aliporudi kwa miguu kutoka mtaroni, wanaume kama kumi walikuwa kwenye mlango wa namba 20, mmoja ameshika nondo, na tata Mukalay aliwaamuru wale vijana watoke nje wenyewe kabla hawajatolewa. René alikuwa mlangoni, mikono wazi, akirudia kwamba ndani hawana hata balbu, waingie waone. Hawakutaka kuingia kuona. Walitaka atoke.

Hakuna aliyemtazama mama Domitille. Angeweza kuingia kwake na kufunga mlango. Alifungua nyumba yake. Nyuma ya mlango disjoncteur ilikuwa juu. Jikoni kulinuka plastiki. Fishi ilikuwa imeyeyuka nusu, ukuta kuizunguka umekuwa mweusi, na waya ulikuwa umekufa, fyuzi ya Misuku imekatika. Aliuvuta waya. Haukutoka. Alitia mguu ukutani akauvuta kwa mikono miwili hadi prizi nzima ikang'oka, akauvuta mpira kutoka dirishani, udongo na matembele vikaja navyo, akautoa hadi barabarani.

Hakwenda kwa wanaume wa namba 20. Alikwenda kwa Mechack, akauweka miguuni pake. Kelele zilikatika polepole, kuanzia karibu hadi mbali.

Mechack aliitazama ile fishi.

“Ni ya kwako, mama?”

“Ni ya mi.”

“Disjoncteur ilikuwa yulu ao chini?”

“Yulu. Ilikuwaka chini tangu Lundi. Tata Mukalay aliposema tushushe, mukono yangu ikapandisha.”

Nyuma yake René alikuwa ameshuka ngazi. Shati lake lilikuwa limechanwa begani.

“Mama, si weye njo ulisemaka ile ya maiti? Batu banatuambiaka kila siku.”

“Njo mi,” alisema mama Domitille.

Nilidhani sasa wanaume watamgeukia. Mwenye nondo alikuwa bado ameishika. Mama alibaki amesimama, mikono imejaa udongo, na nadhani naye aliwangojea. Lakini tata Mukalay aliinama, akautazama waya kwa karibu, kisha akageuka akaenda nyumbani kwake. Alirudi na waya mweupe uliokunjwa vizuri, fishi mbili, akauweka juu ya ule wa mama. Hakumtazama mtu. Princesse akaenda kwake, akaja na wa kwake, umefungwa ndani ya kitenge. Wa nne ulikuwa wangu. Wiki ile sisi hatukuwa tumethubutu kuzichomeka, maana avenue nzima ikiwa gizani taa moja ingetuumbua.

Mwenye nondo aliiegemeza kwenye ua, akaondoka. Baadaye kidogo naye alirudi na waya.

Hadi wakati ule Mechack alikuwa ametulia kuliko sisi sote. Ni alipoona lile rundo linakua ndipo kikombe kikamwanguka. Alizitazama nyaya zile, akainua macho akaangalia nguzo, moja baada ya nyingine, hadi mwisho wa avenue.

“Kila nguzo yenye nilipandaka,” alisema.

Hakumaliza. Tulimsindikiza kwake. Abigaël alitoka akakuta kundi la watu wanyamavu mlangoni, akapiga magoti kabla hajamwona mumewe akiwa katikati yetu, anatembea. Mama Domitille alikuwa nyuma kabisa.

Jumapili hakuna aliyethubutu kwenda kumwuliza Mechack kama atapanda tena. Jumatatu asubuhi Mechack alikuja mwenyewe, kifua kimefungwa bandeji, akataka jambo moja: mama Domitille aketi chini ya nguzo muda wote atakaokuwa juu. Alipoulizwa kwa nini yeye, alisema ni kwa sababu yeye peke yake hatasinzia.

Mama aliketi kwenye kigoda kuanzia saa tatu hadi saa nane. Hakula. Jua lilimpiga, Princesse akamletea mwavuli, akaukataa kwa sababu ungemzuia kuona. Alishika ule mnyororo kwa macho, anasema, kama mtu anavyoshika mtoto karibu na kisima. Mara moja Mechack aliacha koleo likaanguka, na mama alipiga yowe ambalo lilitoa watu nyumba zote. Kule juu Mechack alimwambia pole.

Umeme uliporudi hakuna aliyeshangilia, jambo ambalo sijawahi kuliona Dilala. Mechack alipita nyumba kwa nyumba, nami nikiwa na daftari, akitazama kila prizi kabla ya kuruhusu disjoncteur ipandishwe. Namba 21 ilikuwa ya mwisho. Mama Domitille alisimama nyuma ya mlango, mkono ameuinua nusu, na hapo ukakaa. Akamwomba Mechack ampandishie.

Mechack alikataa kwa upole. Alisema hiyo ni ya mwenye nyumba.

Mama aligeuza uso ukutani, akafumba macho, akapandisha. Taa ya sebuleni ikawaka. Hakugeuka. Akaniuliza, bado ameelekea ukuta, kama Mechack amesimama. Nikamwambia ndiyo, yuko mlangoni, hatua mbili kutoka kwake. Alitikisa kichwa kwamba hapana, hakutaka kusikia kwangu. Aseme mwenyewe.

“Mama,” alisema Mechack, “niko.”